Siku Bibi Alipokuja Makumbusho

Mwezi uliopita nilipita Iringa nikielekea Mbeya, nikashuka kunyoosha miguu, nikajikuta mbele ya lile jengo la mawe la enzi ya Mjerumani, ambalo sasa ni makumbusho. Sikuingia. Ngoja nikwambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu aliagiza kila mwanafunzi aje makumbusho na mzee wake. Mama alikuwa Mafinga, kazini kwenye kiwanda cha mbao, basi akaja bibi, amevaa mabuti ya shambani na khanga mbili, ananukia moshi wa jikoni. Wenzangu wakaanza kukonyezana. Nikasogea mbali naye kidogo.

Ndani kulinukia nta ya sakafu. Bibi alipita akifurahia vitu kama anayekutana na majirani: jiwe la kusagia, ungo, kigoda. Akafika kwenye chungu kidogo chenye shingo nyembamba. Kikaratasi kilikuwa kimeandikwa: Chombo cha pombe. Nikamsomea. Akacheka, mkono mdomoni, kisha akaanza kueleza kwa Kihehe, maneno mengi ya haraka, mkono mmoja ameukunja kama aliyepakata mtoto mchanga, wa pili unamimina maji yasiyokuwepo. Nilimwelewa: kilikuwa chungu cha maji ya mtoto mchanga, si cha pombe.

Mtunza makumbusho akaja na kalamu yake. "Bibi anasemaje?"

Darasa zima likanigeukia. Shuleni kwetu, ukiongea Kihehe unachekwa wiki nzima.

"Anasema ni kizuri."

"Maneno yote hayo?"

"Ndiyo. Anasema ni kizuri tu."

Wakaangua kicheko. Bibi Kiswahili hakukizungumza vizuri, lakini kusikia alisikia. Akanitazama, akaishusha mikono yake polepole.

Njiani hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Jioni, nikichambua maharage uani, nikamsikia akiniita kutoka jikoni: "Mjukuu, karibu chakula." Kwa Kiswahili, kile chake cha kuungaunga, alichokitumia kwa wageni.

Tangu hapo hadi tulipomzika hakunisemesha Kihehe tena. Wajukuu wenzangu aliwasimulia hadithi kwa Kihehe wakiota moto. Nikifika mimi, anabadili lugha, na hadithi inakuwa fupi. Nilikuwa na miaka mingi ya kumwomba radhi. Niliona aibu, nikanyamaza, na aibu ikazaa nyingine.

Sasa wanangu wananiomba niwafundishe Kihehe. Nawapa salamu. Baada ya salamu, sina kitu.