Mama Mkwe Ananinywesha Maziwa Akidhani Nina Mimba

Admin, nifichie jina, na picha yangu ya profaili isionekane, maana huku ukweni wapo wanaofuata page hii. Mimi ni mwanamke wa miaka 30, mzaliwa wa Mwanza, fundi cherehani. Niko Kigali tangu Jumatatu, nimekuja kujitambulisha kwa mama mkwe, na hapa nilipo nimekalia kuti kavu.

Mchumba wangu nitamwita Deo. Ni Mnyarwanda aliyekulia kwetu Tanzania, Karagwe, kabla ukoo wao haujarudi nyumbani. Sasa amepanga Kagugu, lakini tumefikia kwa mama yake Masaka, hapa hapa Kigali, mama mjane mwenye ng'ombe zake nyuma ya nyumba.

Shida yangu ni moja. Mimi na maziwa hatuivi chungu kimoja. Tangu utoto, nikinywa kikombe tu tumbo linajaa, linanikata, natapika, halafu nakimbizana na choo. Mtindi nao ni hivyo hivyo. Daktari alisema mwili wangu hauwezi kuyasaga, basi. Deo anajua vizuri, aliwahi kunipeleka zahanati nikiwa nimejikunja. Kabla sijapanda basi nilimuuliza, "Mama umemwambia?" Akajibu, "Nimeshamwambia, ondoa wasiwasi."

Jamani, njia ya mwongo ni fupi! Tulipofika mama alinikumbatia mpaka nikasikia moyo wake unavyodunda. "Karibu mukazana wangu," akasema, ndiyo mkamwana kwa lugha yao. Nimekaa tu, akaleta maziwa kwenye chombo cha mti chenye kifuniko cha kusuka, kakishika kwa mikono miwili. Huku maziwa ya nyumba hayakataliwi. Ukiyakataa umeikataa nyumba na watu wake. Nikamwangalia Deo, naye anaangalia kalenda ukutani kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Nikamnong'oneza, "Si ulimwambia?" Akasema, "Kunywa kidogo tu, usiniaibishe."

Nikanywa. Haikupita saa nikawa nyuma ya nyumba natapika, machozi yananitoka. Nainua kichwa, mama amesimama ananiangalia. Akaniangalia uso, akaniangalia tumbo, akatabasamu. Wakati nasukutua mdomo nikamsikia anamuuliza mwanawe kwa Kiswahili chake cha Karagwe, "Deo, huyu mutoto iko na mimba?" Na yule mwanaume mzima, badala ya kusema hapana, akajikuna kisogo akacheka, "Mama nawe!" Mama akapiga vigelegele peke yake pale uani.

Nilimvuta Deo pembeni nikamwuliza, una akili kweli wewe? Akaniambia, "Ulitaka niseme nini? Kwamba nimeleta mwanamke asiyekunywa maziwa yetu? Mama angesema umetudharau. Mimba amefurahia. Tukishaoana itakuja tu, nani atahesabu miezi?" Yaani kwake afadhali mimba ya uongo kuliko tumbo la kweli. Nilitamani nimpige na kandambili.

Tangu siku hiyo naletewa maziwa asubuhi, mchana na jioni. "Kunywa mwanangu, mutoto anataka nguvu." Na haondoki, anakaa mbele yangu mpaka chombo kiwe kitupu. Nikikimbia chooni anasema mimba inanisumbua, anaongeza mengine. Sketi niliyokuja nayo inanizunguka kiunoni. Naye ananihurumia kwelikweli, ananipangusa jasho kwa kitenge chake. Nimewahi kumwambia, "Mama, tumbo langu linakataa maziwa." Akacheka, "Hata mimi nilikuwa hivyo na Deo. Mutoto ndiye anakataa, wewe usimusikilize."

Ningekuwa na mama mkwe mkorofi ningeshasema zamani. Huyu nampenda, na hilo ndilo linaloniua. Jana alinishika mkono akanipeleka zizini, akanionyesha mtamba mweusi mwenye doa kwenye paji. "Huyu ni wako. Atazaa, na wewe utazaa, maziwa yake ya mjukuu wangu." Huku mtu akikupa ng'ombe hakuna zawadi iliyobaki. Kisha akalia. Akaniambia Deo ndiye mtoto pekee aliyembakia, na kwamba alikuwa amechoka kuomba mjukuu kanisani. Nikamfuta machozi tu, mnafiki mimi.

Sasa leo Jumapili, baada ya misa, shangazi za Deo wanakuja. Mama ameshawaambia. Wanataka siku ya utambulisho isogezwe karibu kabla tumbo halijaonekana, na siku hiyo nitanywa maziwa mbele ya koo mbili, wa kwetu na wa kwao. Wazazi wangu watakuwepo! Baba yangu atasikia nina mimba ambayo sina. Deo ameniambia hivi: "Ukifungua mdomo leo, umenivua nguo mbele ya mama yangu. Usije ukanilaumu kwa nitakachoamua." Mwanaume aliyeogopa kusema neno moja kwa mama yake, leo anapata ujasiri wa kunitisha mimi.

Nikisema ukweli nampoteza mchumba, na namuua mama yule kwa huzuni. Nikinyamaza, miezi itapita, tumbo halitakua, na mwongo nitaitwa mimi, maana mimba ni yangu. Nikipanda basi nirudi Mwanza kimyakimya, watasema mgeni alikula, akapewa ng'ombe, akatoroka na mjukuu wao tumboni. Nawaza pia, mtu anayeniacha niugue ili yeye asione aibu, ndiye wa kuzeeka naye huyo?

Dada zangu, kaka zangu, na nyie mlioolewa ugenini, msinitukane. Niambieni nifanye nini, na mniambie upesi, geti limeshaanza kugongwa. Hapa ninapoandika mama amekaa mbele yangu na maziwa ya leo, yana joto bado. Ameniuliza namwandikia nani muda wote huu. Nimemjibu, mama yangu. Amefurahi, ameniambia nimsalimie sana, nimwambie mjukuu wao anaendelea vizuri.