Poda Ndani ya Rimu

Fundi baiskeli yule walimwita Mzee Kiraka, naye hakuona ubaya, maana miaka arobaini kazi yake ilikuwa kuziba tyubu za watu. Asubuhi moja muuguzi wa zahanati ya mlimani akamletea baiskeli yake, pamoja na matairi mawili mapya yasiyotumia tyubu.

"Mzee wangu, miiba ya kule imenichosha. Saa nane nina mama anayekaribia kujifungua, na kwa miguu sitawahi."

"Utawahi, mwanangu," fundi akajibu, ingawa kazi hiyo alikuwa akiisikia tu.

Akasoma maelezo polepole: bandika tepu ndani ya rimu uzibe matundu ya spoki, tia valvu, valisha tairi, mimina yale maji mazito meupe ya kuzibia, kisha jaza upepo kwa kasi mpaka kingo za tairi zishike. Akafanya yote. Ila mkono una mazoea yake. Kabla ya tepu, ulichukua kopo la poda ukanyunyiza rimu nzima, kama alivyozoea kuzinyunyizia tyubu zisisuguane na tairi.

Akapiga pampu. Fyuu, upepo ukatokea kwenye spoki. Akapiga tena, maji meupe yakamrukia kifuani. Saa tano ikapita. Muuguzi, pale kwenye benchi, akatazama saa yake tena.

Mkewe, fundi cherehani wa mlango wa pili, akachungulia. "Baba Mapacha, leo unaoga maziwa?"

"Tairi bovu hili."

"Bovu, au umeipaka rimu poda kama mtoto mchanga? Tepu itashikaje kwenye vumbi?"

Mzee akatazama viganja vyake vyeupe, akacheka kwa aibu. Wakavua tairi, wakafuta rimu kwa spiriti, wakabandika tepu nyingine. Mke akaivuta pampu ya mguu.

"Miguu hii imekanyaga cherehani tangu hujanioa. Wewe shika valvu."

Pa. Pa. Kingo zikakaa mahali pake. Gurudumu la pili halikusumbua.

Saa saba kasoro muuguzi alikuwa juu ya baiskeli. "Ahsante sana, mzee."

"Mshukuru mama huyu. Mimi nilikuwa nakuchelewesha tu."

Muuguzi akaondoka, akakata kona. Mzee Kiraka hakurudi kazini upesi. Alikaa kwa mkewe, akamshikia pindo la pazia refu lisiburuzike chini huku mama akishona, na shukrani yake ilikuwa hiyo.