Kifungo cha Jenerali

Mwalimu wetu wa Kisarawe alikuwa hajawahi kugusa farasi. Kwetu mbung'o waliwamaliza wote. Hata hivyo, kila Ijumaa alitusimulia habari za jenerali mmoja wa kale wa Austria, aliyeanza kama askari mpanda farasi tu. Vidole vyake viligonga meza kama kwato, na kila mara jenerali alipopanda cheo, yeye alifunga kifungo kimoja cha koti. Cha shingoni kilikuwa cha ujenerali. Siku moja farasi wa mkaguzi wa shule, aliyeletwa kutoka mjini, alishtuka, akazunguka uwanja mbio na bwana wake mgongoni. "Mwalimu, usiende!" tulipiga kelele. Akaenda, akigonga kisanduku cha chaki polepole, polepole zaidi, mpaka farasi akasimama, naye akashika hatamu. "Umejifunza wapi?" mkaguzi aliuliza akihema. Mwalimu alikuwa akifunga kifungo cha shingoni.