Salamu za Mlimani

Nakumbuka siku zile, mwanangu, nikiwa kijana mwenye shahada mpya na kifua kinachobana. Niliishi Gatwekera, mtaa wa mabanda bondeni, nikifundisha watoto wa watu majumbani kule juu kwenye maghorofa ya Nyayo Highrise, na kila siku nilipanda mlima kwenda kazini. Nikiharakisha tu, maumivu yalinikaba kifuani na macho yakaingia giza. Kwa hofu ya kuonekana mgonjwa nikakosa kazi, nilibuni hila: kila nilipozidiwa, nilisimama kusalimia watu. Nikasifiwa, Mungu anisamehe, kuwa msomi asiye na majivuno.

Mama Akinyi, aliyeuza mandazi kwenye kimeza katikati ya mlima, hakudanganyika.

"Wewe mwalimu, ukipanda unanisalimia mpaka unauliza habari ya kuku. Ukishuka unanipita kama nguzo ya stima. Kwani ni nini?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mzee wangu pia alianza hivyo, salamu mingi. Tukamzika. Enda hospitali."

Nilikwenda, nikalazwa kitandani, nikapimwa. Moyo ukaonekana mzima. Nilimrudishia habari hiyo kwa kiburi cha mshindi.

"Na hicho kitanda kina mlima?" akauliza. "Uliwaambia inakushika ukipanda?"

Sikuwa nimewaambia. Nilirudi, nikasema yote. Daktari alinitembeza juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, akaiongeza kasi kidogo kidogo, na siri ikatoka: miguu ilipodai zaidi, umeme wa moyo ulikatika njiani, mapigo yakapungua mahali pa kuongezeka. Nikawekewa kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na mtulinga, mfupa ule kati ya shingo na bega, kinachoukumbusha moyo kupiga unapochelewa.

Siku niliyoupanda tena mlima ule, nilifika juu bila kusimama, nikalia kama mtoto. Jioni, nikishuka, nilisimama kwa Mama Akinyi nikamuuliza habari ya kuku.

"Haya," akasema, akinichagulia andazi la moto, "hiyo sasa ndiyo salamu."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Usimpelekee daktari mwili uliopumzika ukamficha ule unaofanya kazi. Mweleze unaumia wapi, na ukifanya nini. Na anayekukemea kwa kuwa amekutazama vyema, msikilize, hata kama shahada yako ni ndefu kuliko meza yake. Mungu akujalie pumzi ya kufika juu, na mtu wa kukuuliza kwa nini umesimama.