Vigingi Viwili vya Ipole

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ndoo mbili nikaambiwa nisiguse kitu kingine chochote. Karakana yetu ya picha za shule ilikuwa Tabora mjini, nyumba ndefu ya bati. Tulikuwa tukitengeneza picha kubwa za kubandika ukutani madarasani: ng'ombe na viungo vyake, mche wa tumbaku, mzinga wa nyuki umepasuliwa kuonyesha masega. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Bwana Mkubwa wa Kizungu alikuwa amekwisha funga masanduku yake, na kitini amekaa Mkuu wa Karakana, Mwafrika mwenzetu, mrefu, kalamu tatu mfukoni.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umesoma, binti?"

"Msahafu nimehitimu. Shule niliishia darasa la nne."

"Basi utachota maji."

Nikachota. Msidhani ni kazi ndogo, wajukuu zangu. Picha za zamani zilikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi. Filamu inaingia chumba cha giza, inaoshwa kwa dawa ya kutokeza, ambayo ndiyo inayoitoa sura, kisha dawa ya kukazia, ili sura isifutike, halafu maji, maji, maji. Baada ya mwaka mmoja nilijua dawa kwa kunusa. Baada ya miaka mitatu Mkuu mwenyewe alikuwa akinijia kuniuliza, "Tatu, hii imeiva?" Nami namjibu, "Bado kidogo, Mkuu." Nilijivuna, nasema kweli. Nilijua kwamba siku nafasi ya Fundi Picha Msaidizi ikipatikana ni yangu.

Ndipo akaletwa Skolastika. Alitoka kwa masista, ana cheti, ana saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde, ana sauti laini ya mtu ambaye hajawahi kugombea foleni ya bomba. Alikuwa mdogo kwangu, na aliniamkia kwa heshima kila asubuhi. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Angekuwa na kiburi ningepumua.

"Shikamoo, Dada Tatu."

"Marahaba," naitikia, macho kwenye ndoo.

Siku zile za Ujamaa kila kitu tuliambiwa tujitegemee. Mkaguzi wa Elimu akaja akasema watoto wanajifunza nyota za Ulaya wasizoziona, wakati nyota zao wenyewe ziko juu ya paa. Akataka picha ya anga la kwetu. Mkuu akakuna kichwa. Nyota hazitulii. Ukiacha kamera wazi kwa dakika kumi, kila nyota inaburuza mkia kama konokono. Ulaya walikuwa na mtambo wa saa wa kuizungusha kamera, lakini bei yake ingenunua karakana nzima pamoja na sisi.

Mkuu akamwita seremala. Wakatengeneza mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, kama kitabu, ubao wa juu umebeba kamera. Chini yake ikapita bolti, mbali na bawaba inchi kumi na moja na nusu hivi. Unaizungusha bolti kwa mkono, mzunguko mmoja kwa dakika moja, ubao wa juu unainuka polepole na kamera inafuata nyota. Rahisi kabisa, lakini bawaba lazima ielekee pale ambapo anga lote linazungukia. Wazungu kwao wana nyota ya kuwaonyesha mahali hapo. Kwetu Tabora nyota hiyo imezama chini ya ardhi, upande wa kaskazini. Sisi tunatazama kusini, juu ya upeo kidogo tu, nyuzi tano, na hapo hapana nyota ya maana. Nyuzi tano seremala alizipata kwa kabari: kila inchi kumi na moja na nusu za urefu, inchi moja ya kupanda. Iliyobaki ikawa kujua kusini iko wapi hasa.

"Nitatumia dira," alisema Skolastika.

Tukaenda kijiji cha Ipole kwa Landrova, kabla ya moto wa nyika kuchafua anga. Mchana tulipiga picha za warina asali, usiku nyota. Usiku wa kwanza Skolastika aliweka dira juu ya ubao, karibu kabisa na bawaba ya chuma. Niliona sindano ikivutwa kama mbuzi na kamba. Ningeweza kusema. Nikafunga kanga vizuri.

Filamu niliiosha mimi, kwenye stoo ya shule iliyozibwa kwa mablanketi, kwa hiyo nilikuwa mtu wa kwanza kuona. Nyota zilikuwa zimevutika kama punje za mchele. Mungu anisamehe, nilicheka peke yangu gizani.

Mkuu hakucheka. "Filamu imebaki moja," alisema. "Kesho mtafanya wote wawili. Atakayenionyesha kwamba ndiye aliyezisimamisha nyota, barua ya Fundi Picha Msaidizi naiandika papo hapo."

Sasa sikieni. Marehemu baba yangu alikuwa muadhini. Kuijua adhuhuri, alisimamisha kijiti uani akaangalia kivuli kikifupika mpaka kigeuke. Na watu wakijenga msikiti, walimwita awatafutie kaskazini kwa kijiti hichohicho, maana ukiijua kaskazini kibla hakikupotei. Nami nilimshikia kamba. Kwa hiyo asubuhi ile nilimwambia Skolastika, "Nenda na Mkuu kwa warina asali, mimi nitalinda vyombo." Akaenda.

Nikasimamisha kijiti kwa timazi, wima kabisa, nikachora duara kwa kamba kukizunguka. Asubuhi ncha ya kivuli ilipogusa duara, nikapiga kigingi. Alasiri ilipoligusa tena upande wa pili, nikapiga kigingi cha pili. Kamba kati ya vigingi ni mashariki na magharibi. Igawe katikati, vuta mstari kutoka kijitini kupitia hapo, hiyo ndiyo kusini, bila dira, bila senti. Nikalaza ubao juu ya mstari, bawaba sambamba nao, kabari imeinuka kusini. Kisha, kabla hawajarudi, niling'oa vigingi nikavitia motoni kwa mke wa mwalimu, duara nikalifagia kwa mguu. Sikutaka yule msichana ajifunze.

Usiku alikuja na dira yake. "Dada, inaonyesha upande mwingine."

"Dira yako inapenda chuma kuliko kusini. Usiguse ubao. Wewe zungusha bolti na saa yako."

Akazungusha dakika kumi na tano, mkono hautetemeki. Alfajiri niliiosha filamu. Nyota zilikuwa vitone, kama mtu ametoboa karatasi nyeusi kwa sindano. Msalaba wa Kusini ulikuwa mzima, na ile njia nyeupe imemwagika kama unga.

Mkuu aliishika mbele ya mlango, kalamu tayari. "Nani alitega?"

"Mimi," nikasema. "Kwa kivuli cha jua."

"Nionyeshe."

Tukaenda nyuma ya stoo. Palikuwa na vumbi lililofagiliwa vizuri sana. Mkuu akamgeukia Skolastika.

"Ulimwona akitega?"

"Sikumwona, Mkuu. Dira yangu ilikataa, hilo najua. Mimi nilizungusha tu. Siwezi kusema nisichokiona."

Hakusema uongo hata neno moja. Nilitamani angesema.

"Gari linaondoka sasa hivi," Mkuu akaniambia, "na kivuli chako kinataka siku nzima. Tukifika Tabora utatufanyia tena, tutazame wote."

Tulipofika Tabora alikumbuka. Aliniita uani, na Skolastika amesimama pembeni na daftari lake, amelifungua. Nililitazama lile daftari. Nikasema, "Nimesahau, Mkuu."

Barua ikaandikwa kwa jina lake. Picha ikaenda mashuleni na jina lake chini, kwa wino mweusi. Baadaye alihamishiwa Dar es Salaam, akawa Mkuu wa karakana ya huko. Mimi nilipelekwa Sikonge miaka miwili, nikarudi, nikastaafu nikiitwa Mwosha Picha Mwandamizi. Neno la mwisho walilibuni ili nisinune.

Pensheni yangu inanunua nini sasa? Chumvi na majani ya chai. Ninyi wajukuu zangu mko tisa, na mmoja wenu, Rehema, anapiga picha za nyota kwa mbao mbili na bawaba, maana vifaa vya dukani bei yake bado ni ileile ya wazimu. Dira ya simu yake ilimwonyesha kusini kuwili ndani ya saa moja. Nikamchukua uani kwangu Ipuli, hapa Tabora mjini, nikamsimamishia kijiti, nikampigia vigingi viwili vya mninga. Viko mpaka leo, watu wanajikwaa.

Juzi Skolastika alikuja kunijulia hali. Amekuwa kizee, anatembea na fimbo. "Shikamoo, Dada Tatu." Hakungoja hata kiti, alikuwa amekiona kijiti uani. Akatazama kigingi cha mashariki, akatazama kijiti, akazungusha macho kutafuta cha pili.

"Ndivyo ulivyofanya Ipole?" aliniuliza, sauti laini ileile. "Nimewaza miaka yote hii."

Hakukiona cha pili kwa sababu mguu wangu ulikuwa umeshasimama juu yake. Sikuuamuru, ulikwenda wenyewe, na gauni likashuka kukifunika.

Nikakaa hivyo muda wa kuosha picha moja. Kisha nikauondoa.