Kigoda cha Kutazamia Tairi

"Mzee, ng'ambo ya barabara kule wana mashine ya upepo. Dakika moja tu!" alisema tarishi, mwenye baiskeli. "Ukishindwa, naipeleka huko."

"Mashine ina upepo, mwanangu. Haina macho," fundi akamjibu, akipaka povu la sabuni kwenye kingo za tairi lisilo na tyubu.

Akapiga pampu mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Tairi likalia pa! pa! likijibana kwenye rimu.

"Limekaa?" fundi akauliza bila kugeuka.

Maisha yao yote ya ndoa, marehemu mkewe ndiye aliyeketi kwenye kigoda kile nyuma yake, ambacho sasa kilikuwa kitupu, akizungusha gurudumu na kutazama kama mstari wa ubavuni umelingana na rimu. "Bado, mume wangu. Limezama kwenye valvu," angemwambia. Hakukosea hata siku moja.

Tarishi akadhani anaulizwa yeye. "Mimi nitajuaje, mzee?"

Fundi akazungusha gurudumu mwenyewe. Macho yake yalikuwa na ukungu, kwa hiyo akapitisha kidole. Kweli, lilikuwa limezama kwenye valvu. Akatoa upepo, akapaka povu, akapiga pampu upya.

Mstari ukapita sawasawa chini ya kidole chake.

"Limekaa," akakiambia kigoda.