Leta Chai

Wananchi wa Baray mnatangaziwa kwa masikitiko kwamba mpaka wa taifa umevunjwa. Haukuvunjwa kule Namanga wala Sirari. Umevunjwa hapa hapa, kwenye mgahawa wa Marsela, kati ya sufuria la maharage na beseni la maandazi, na aliyeuvunja ni Thomasi, kibarua wa vitunguu.

Jamaa huyu ana msimu wa nne anapalilia vitunguu vya watu na hajagombana na mtu. Asubuhi hiyo nyuki alimuuma mdomo akiwa shambani. Ukavimba, midomo ikawa haikutani, na neno "naomba" lina mb katikati, ambayo bila kufunga midomo haitoki. Akajaribu, ikagoma. Akaona yasiwe mengi.

"Leta chai."

Mwiko ukamdondoka Marsela. Mtanzania huomba chai hata kama anailipia. Wanaosema "leta" ni majirani zetu wa ng'ambo ya mpaka.

Mchana mkutano ukaitishwa, ajenda moja: wahamiaji haramu na madhara yao kwa jamii. Ismaili, kibarua mwenzake, alieleza kwamba hao ndio wanaoshusha bei ya kitunguu. Mwingine akasema hapana, ndio wanaoipandisha. Wote wawili wakapigiwa makofi. Mzee Patrisi, mwenyekiti wa kitongoji, akalia kwamba wageni wanatumaliza, akataka wenyeji halisi wanyooshe mikono. Watu wakatazamana: huyu wa Mbulu, yule wa Dodoma, Ismaili wa Singida, na mwenyekiti mwenyewe alikuja kufuata shamba. Hoja ikaahirishwa.

Nje lori la vitunguu linanguruma. Ikithibitika, Thomasi anapandishwa juu ya magunia, akakabidhiwe uhamiaji Karatu, na kitunguu chake cha mgao, ujira wake wa msimu, kiozee ardhini.

Akaulizwa jina.

"Thonasi."

Kwao wapi? Akasema Iranda, Singida. Ismaili akaapa kwamba Singida yote haina Iranda. Mtu angekuwa wa Iramba wangefahamiana. Kitambulisho je?

"Kiko kwa nana."

Nana ndiye nani? Mtu akanong'ona kwamba huyo ndiye kigogo wa mtandao wenyewe, na kina mama wakavuta watoto wao karibu. Thomasi alipojaribu kutaja nyuki, aliambiwa asiingize wanyamapori kwenye suala la uraia.

Marsela akamsogelea, akamkagua. "Hata mdomo wenyewe si wa nchi hii," akasema. Kisha huruma ikamshika. "Lakini kaka, ungeomba tu. Kuomba kunakushinda nini?"

Hotuba ziliendelea mpaka dereva akazima lori akalala. Zilikuwa ndefu kiasi kwamba uvimbe nao ulichoka, ukaanza kushuka. Hatimaye Mzee Patrisi akasimama, akarekebisha kofia, akatoa sauti yake ya msibani.

"Ewe mgeni, kabla hatujakupakia, taifa linakusikiliza. Jitetee."

Thomasi akafunga midomo, akaifungua, akaifunga tena.

"Naomba chai."